Ngozi ya Pudensiana

Tekla Ntandu, mpimaji wa zahanati, alikuwa na namba mbili mezani, na tangu asubuhi alikuwa akizigeuza huku na huku zikikataa kupatana. Ya kwanza ilikuwa sita. Ya pili ilikuwa thelathini na moja. Sita ilitoka kwenye mkono wa Pudensiana, mtoto wa miaka miwili na nusu, aliyebaki kwa bibi yake hapa hapa Singida, mtaa wa Mandewa. Thelathini na moja ilitoka kwenye mkono wa dada yake Anjelista, wa miaka mitano, ambaye wakati huo alikuwa Mwezini pamoja na wazazi wake.

Tumbo moja, baba mmoja. Wote wawili walikula Shibe, uji wa kiwanda kimoja. Wote wawili walikuwa na Wapishi, bakteria wa kuwekewa, tumboni. Halafu mmoja ngozi yake inateleza, na mwenzake anabambuka kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya vumbi. Sasa wewe uliyesoma hesabu, hebu zipatanishe hizo.

Namba zenyewe ni za maji. Ngozi ya mtu huvuja mvuke kidogo kidogo hata akiwa amekaa kivulini bila jasho. Kipima-mvuke, kijibomba cha ukubwa wa kizibo cha chupa, chenye waya wa kwenda kwenye kimashine cha kioo, ambacho Tekla alikuwa akikibandika kwenye mikono ya watoto kwa miaka mitatu, husema ni gramu ngapi zinapotea kwa saa katika kila mita ya mraba. Sita ni ngozi nzima. Kumi na tano ni ngozi inayolalamika. Ikifika ishirini na tano, mwongozo wa Shirika, hao wanaopeleka watu Mwezini, unasema ngozi hiyo imeshindwa kazi. Thelathini na moja mwongozo haukuitaja, nadhani walioandika hawakutegemea kuiona.

Chini ya namba hizo kulikuwa na ujumbe wa video kutoka kwa Vaileti, mama wa watoto hao. Tekla alikuwa ameshautazama mara tatu. Akautazama tena.

"Dada Tekla," Vaileti alisema, uso umemshuka, "kile kidonda cha goti la Anje, hii ni wiki ya saba. Hakifungi. Kinafanya utando, nguo ikigusa unatoka. Nywele namchania taratibu maana zinabaki kwenye kitana. Akivaa nguo analia, akivua analia. Na si yeye peke yake, ni watoto wote kumi na tisa. Huku wanatuambia ni vumbi la Mwezi. Miezi sita ya kwanza vumbi lilikuwa wapi?" Akaangalia pembeni, kisha akarudi. "Wewe ndiye ulinishika mkono ukaniambia Shibe haina shida. Ulisema umewapima watoto sitini. Mimi nilikuamini wewe, dada. Wao sikuwaamini."

Hapa lazima nieleze kidogo, na mwenye haraka anivumilie. Mwili wa mtu ni fundi hodari. Ukiupa wanga unajitengenezea mafuta karibu yote unayoyahitaji, na ya ziada unakuwekea kiunoni bila kuombwa. Lakini yapo ya aina mbili ambayo haujui kuyatengeneza hata ufanyeje, lazima yatoke nje. Wataalamu huyaita asidi za mafuta za lazima. Moja kati ya hizo, linoleiki, ndiyo inayoziba nafasi kati ya seli za ngozi, kama udongo kati ya matofali. Ikikosekana, yanabaki matofali matupu. Maji yanatoka, uchafu unaingia, kidonda hakifungi.

Balaa ni kwamba mafuta hayo hayo ndiyo yanayochacha upesi. Shibe, ule uji wa kahawia unaochachushwa kwenye matangi na bakteria wanaokula hewa, uliundwa ukae miaka kumi kwenye pipa. Kwa hiyo linoleiki waliitoa. Badala yake wakaunda Wapishi, bakteria wengine wa kuishi utumboni, ambao wangeuchukua wanga wa Shibe na kuipika linoleiki humo humo ndani kila siku. Wazo zuri, hata mimi silikatai. Watoto sitini wa Mandewa wakalishwa Shibe tupu tangu walipoanza kula, wakawekewa Wapishi, na Tekla akawapima kila Jumanne. Sita, saba, sita, tano. Damu ikapimwa, linoleiki imejaa. Tekla akaweka sahihi, Shirika likapiga muhuri, na familia zikapanda Mwezini.

Sasa Shirika lilikuwa na jibu lake: Wapishi wamekufa kwa mionzi, tutawapelekea wengine. Kilo arobaini za Wapishi wapya zilikuwa zinasubiri kupakiwa kwenye chombo cha mwezi ujao. Jibu hilo lingemtosha Tekla kama asingekuwa mbishi. Aliomba majibu ya choo ya watoto wa kule, na majibu yalikuwa mbele yake. Wapishi walikuwa hai. Walikuwa wamejaa tele, wengi kuliko hata wa Mandewa.

"Wapishi wamejaa jikoni," Tekla alijisemea, "na chakula hakuna." Akakuna kichwa. Kama kule wako hai na hawapiki, huku wanapika kwa nini? Wamependa hali ya hewa ya Singida? Alihisi kuna kitu kiko wazi mbele yake, kikubwa, na yeye anakipita kila siku bila kukiona. Alikasirika, akafunga kompyuta, akaenda kulala na hasira zake.

*

Jumapili asubuhi akaamua kwenda kumpima Pudensiana upya. Hakutoa taarifa. Watoto wa majaribio huja zahanati Jumanne, wamevaa vizuri, wamesuguliwa mpaka masikioni, na hakuna siku Tekla alikuwa amewahi kumpima mtoto nyumbani kwao. Alitaka tu kujua kama mashine yake ni nzima.

Bibi Yasinta, mama yake Vaileti, alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Pudensiana, ambaye nyumba nzima walimwita Pude, alikuwa amelazwa kifudifudi juu ya mapaja ya bibi yake, uchi wa mnyama, anacheka peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mbona na mashine siku ya Bwana? Kuna nini?" Bibi Yasinta alivuta kanga amfunike mtoto. "Ungesema unakuja ningemwogesha vizuri. Unamkuta hivi hivi tu, hajavaa."

"Usijali, bibi. Napima mara moja naondoka."

Tekla akachuchumaa, akaushika mkono wa Pude, na mkono ukamponyoka. Akaushika tena. Ukateleza tena. Akageuza kiganja chake akakitazama, kinang'aa. Pembeni ya mkeka kilikuwepo kichupa cha mafuta ya njano, kimefunguliwa.

"Bibi, hayo mafuta gani?"

"Alizeti. Siyo ya dukani, hayo. Nina mistari minne nyuma ya nyumba, nakamua mwenyewe kwa ile mashine ya mkono ya marehemu. Kwani?"

"Unampaka kila siku?"

Bibi Yasinta alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama mjukuu wake huvalishwa nguo. "Wewe mama yako hakukupaka?"

Alipakwa. Kila asubuhi ya utoto wake, hapo hapo Singida, kwa mafuta hayo hayo, kwa mikono yenye sugu iliyokuwa ikimvuta masikio. Hata asubuhi hiyo kabla ya kutoka alikuwa amejipaka mwenyewe, bila kufikiri, kama anavyofunga vifungo. Mtoto aliyepauka ni aibu ya nyumba. Watu hawasemi mtoto ana ngozi kavu, wanasema hana wenyewe. Jambo kama hilo nani ataliandika kwenye fomu?

"Lakini bibi, kila Jumanne nakuuliza kama mtoto ametumia mafuta. Unaniambia hapana."

"Usinisingizie. Unaniuliza amekula mafuta, amekunywa mafuta? Hajala, hajanywa. Mmesema Shibe tupu, nampa Shibe tupu, na Mungu ananiona. Karanga nakula mimi nimejifungia ndani asinione akatamani. Mimi si mwongo, Tekla."

"Na Jumanne mbona namkuta mkavu?"

"Si namsugua kwa sabuni na dodoki? Nimlete hospitali anateleza mafuta nikuharibie mashine yako? Nitakuwa mtu gani?"

Tekla akakaa chini, kwenye udongo, na gauni lake la Jumapili. Ngozi ya mtoto si turubai. Inakunywa. Alikuwa amelisoma hilo chuoni, akalijibia mtihani na kufaulu: watoto njiti, tumbo halijawa tayari kwa chakula, wanapakwa mafuta ya alizeti na linoleiki inaonekana kwenye damu. Alizeti imejaa linoleiki kuliko mafuta mengi. Miaka mitatu alikuwa akiwapima Wapishi, kumbe anampima Bibi Yasinta.

Lakini kwa nini hakuona? Hilo ndilo lililomchanganya kuliko yote. Mgeni asingeona, sawa. Fomu waliitunga watu wa mbali, nao wanasamehewa. Yeye ndiye aliyeifasiri, mtoto wa hapa, mafuta yakiwa shingoni mwake.

Bibi Yasinta alikuwa ameacha kupaka. Alikuwa anahesabu kitu kichwani mwake, na uso wake ulianza kubadilika.

"Kwa hiyo Anje hapakwi," alisema.

"Mwezini hakuna mafuta, bibi. Hawaruhusu. Yanachacha, na wanaogopa moto."

"Vaileti aliniomba kichupa siku ya kuondoka. Nikamfungia kwenye kanga, nikamwambia kakifiche. Getini wakakitoa." Akakiangalia kichupa kilichokuwa mkekani. "Mwanangu akanitazama, nikamwambia achana nacho, ni mafuta tu, huko watakuwa na mazuri zaidi."

Hakulia. Alimalizia mguu wa Pude, kisha ule mwingine, polepole sana. Tekla alipita nyumba kumi na moja kabla ya saa sita mchana, na nyumba zote kumi na moja zilikuwa na kichupa.

*

Daktari Galinoma, msimamizi wa majaribio, hakuwa mtu mbaya, na naomba hilo lieleweke maana ni rahisi kumchukia. Alimsikiliza Tekla mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akacheka, kicheko kifupi, kikakatika chenyewe.

"Miaka mitatu tumepima mafuta ya bibi."

"Ndiyo, Daktari."

"Na Wapishi?"

"Wapo. Wanakula, wanazaana. Hawapiki chochote. Nadhani hawajawahi kupika."

Galinoma alisimama akaenda dirishani. "Nadhani," alisema. "Hilo neno, Tekla, dada yangu. Nikaingie nalo kwenye kamati ya watu saba, niwaambie watoe kilo arobaini za Wapishi waweke mafuta ya alizeti, kwa sababu Tekla anadhani?"

"Tupeleke vyote viwili."

"Nafasi ni kilo arobaini. Siyo arobaini na moja. Na mafuta yanataka mitungi maalumu isiyoingiza hewa, mitungi yenyewe ni nusu ya uzito. Kile chombo kikiondoka, kingine ni baada ya miezi saba."

"Kidonda cha yule mtoto hakingoji miezi saba."

"Najua." Akarudi mezani. Kwa muda alichora duara kwenye karatasi, duara juu ya duara. "Watasema Wapishi wa Mandewa wanapika, damu inaonyesha, hayo mafuta ni mapambo. Ili niwafunge mdomo nahitaji mtoto wa majaribio, Shibe ile ile, Wapishi wale wale, asiyepakwa. Namba yake ikipanda ikafika ishirini na tano, Wapishi wamekwisha, hakuna wa kuwatetea. Iwe ishirini na tano kamili kwa sababu kitabu kinasema hivyo. Ishirini na nne wataniambia ni kiangazi."

"Unataka nimpasue mtoto mzima ngozi."

"Sikusema hivyo."

"Basi nichukue mimi. Nitakula Shibe, sitajipaka."

Galinoma alimtazama juu mpaka chini, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Wewe una akiba ya miaka thelathini na minane, usinifanye niseme imekaa wapi. Ngozi yako itaanza kulalamika mwakani. Mtoto hana akiba. Wale wa Mandewa ndio hawana kabisa, wanaishi kwa kupakwa, leo kwa leo." Tabasamu likaondoka. "Upakiaji unafungwa baada ya wiki tano. Sikuambii ukamtafute mtoto. Nakuambia bila huyo sina cha kuweka mezani. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa, haki ya Mungu."

Tekla alitoka akiwa hajui amekatazwa au ametumwa. Aliandika barua kwa kamati, ndefu, na vichupa kumi na viwili vimepigwa picha. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: maoni yake yamepokelewa. Alimwandikia Vaileti mara mbili na mara mbili akafuta. Angemwambia nini? Dawa ya mwanao iko kwenye kichupa kilichotolewa getini, nasi huku tunayo mpaka tunapaka visigino?

Na hapa kuna jambo ambalo mpaka leo Tekla hajaweza kulinyoosha. Jumapili iliyofuata mazungumzo na Galinoma, barua ikiwa bado haijajibiwa, baada ya misa Bibi Yasinta alimshika mkono kanisani, nje pale penye bomba, akamuuliza, "Wamesemaje?" Tekla akamwambia. Akamwambia yote: kilo arobaini, wiki tano, mtoto asiyepakwa, ishirini na tano. Alilieleza kwa uchungu, kama mtu anayesimulia ukatili wa wengine. Bibi Yasinta aliitikia kila neno kwa kichwa, akasema ahsante kwa kuniambia, akaenda zake. Ni baadaye sana, anaosha vyombo, ndipo Tekla alipojiuliza kama alikuwa anasimulia au alikuwa anaomba. Alijitetea, akajishtaki, akajitetea tena, mpaka vyombo vikaisha.

*

Jumanne iliyofuata Bibi Yasinta hakuja zahanati. Mtoto ana mafua, aliagiza kwa jirani. Jumanne ya pili, mafua hayajaisha. Ya tatu na ya nne hakuagiza mtu. Tekla alijua. Nisimpambe, alijua tangu Jumanne ya kwanza, na hakwenda. Kila siku alijiambia kesho, na kila kesho alipata mtoto mwingine wa kupima.

Alikwenda Jumatano. Mlango ulikuwa umerudishwa mchana kweupe, jambo ambalo Mandewa hufanywa na wafiwa.

Pude alikuwa amekaa kitandani na gauni la mikono mirefu. Hakucheka. Mashavu yake yalikuwa yamepauka, yana magamba madogo madogo meupe, na pembeni mwa mdomo palikuwa pamechanika. Bibi Yasinta alimpandisha mkono wa gauni. Kwenye kiwiko ngozi ilikuwa imepasuka mistari, mmoja ukitoa maji ya njano.

"Siku ya ishirini na nne leo," Bibi alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Shibe yake nampa kama kawaida. Namwogesha maji matupu. Nimeandika kila kitu kwenye daftari la Vaileti la shule, usije ukasema nimebahatisha."

"Bibi. Nani alikuambia ufanye hivi?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Mimi sikusema..."

"Wewe hukusema. Kaa chini, pima."

Tekla hakukaa. Alitaka kukasirika na hakupata wa kumkasirikia. "Huyu naye ni mjukuu wako."

"Nisichokijua ni nini hapo?" Bibi Yasinta alikuwa anamfungia Pude kifungo kilichokwisha fungwa, anakifungua, anakifunga tena. "Huyu ninaye. Nikinyoosha mkono nampata, siku mkisema basi nampaka, anapona. Yule wa kule nikinyoosha mkono napata nini? Nimekaa hapa nikapima, Tekla, na mimi nina mizani yangu. Majirani wananiuliza mtoto wa Vaileti mbona amepauka, umechoka kulea? Nawajibu nimechoka. Wanakwenda kunisema, acha waniseme. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Pima."

Tekla akakaa. Akakitoa kipima-mvuke, akakibandika kwenye mkono wa mtoto, sehemu isiyopasuka. Pude alijikunja, akaanza kulia bila sauti, machozi tu, na yalipofika kwenye mashavu yakamwasha, akalia kwa sauti. Kioo kikahesabu. Kikasimama.

Kumi na tisa.

Akakihamishia mkono wa pili. Kumi na nane. Akarudi wa kwanza. Kumi na tisa.

Kichwa chake kikaanza kupiga hesabu chenyewe bila kuombwa. Kutoka sita mpaka kumi na tisa kwa siku ishirini na nne. Ilikuwa inapanda kwa kasi zaidi sasa, udongo ulikuwa umeanza kubomoka. Siku kumi, labda kumi na mbili, ingefika ishirini na tano. Upakiaji ulikuwa unafungwa Jumatatu, siku tano tu. Na ile mistari ya kwenye kiwiko, ukiongeza siku kumi, huo si mpasuko tena, hicho ni kidonda, na kidonda kwenye ngozi kama hii Tekla alikijua jina lake. Kilikuwa kwenye goti la Anjelista.

"Imefika?" Bibi Yasinta aliuliza.

Tekla alikifuta kioo kwa kidole.

"Nakuuliza imefika hiyo ishirini na tano?"

Angesema bado. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kusema bado pale ambapo ni bado. Katika maisha yake yote hakuwahi kuandika namba ambayo mashine haikuisema, na ni kwa hizo namba zake za kweli watoto kumi na tisa walikuwa wanabambuka. Akiandika kumi na tisa, kamati itasema ni kiangazi. Akiandika uongo, na wakaja kukagua, wataikuta ngozi ya Pude imepona, watasema Tekla ni tapeli, na hata lile la kweli la Wapishi litazikwa pamoja naye. Watakuja lini? Baada ya wiki mbili, tatu. Na chombo kitakuwa wapi wiki tatu kutoka leo? Aliiona njia, hakuipenda, akatafuta nyingine. Hakuipata. Alitamani sana mtu mwingine aingie kupitia ule mlango, Galinoma, padri, yeyote, ampokonye ile mashine.

"Mwanangu, nikuambie ukweli," Bibi Yasinta alisema, na sasa sauti ilikuwa imemvunjika. "Siwezi tena. Jana alikuja na kichupa mwenyewe. Sijui alikitoa wapi, nilikificha juu ya kabati. Akanipa mkononi, akasema, bibi, mafuta. Nikakificha tena. Siwezi. Lakini ukiniambia bado, nitaweza."

Pude alikuwa anajikuna shingo. Tekla aliushika ule mkono mdogo ili usikune, na safari hii haukuteleza, ulikwaruza.

"Imefika, bibi," alisema. "Ishirini na tano. Mpake."

Bibi Yasinta alikuwa na miwani yake usoni. Alikuwa mwalimu wa darasa la tatu kwa miaka ishirini na sita. Aliinama akakitazama kile kioo, akaisoma namba yake. Kisha akanyanyuka, akapanda kwenye kigoda, akapapasa juu ya kabati, akashuka na kichupa. Hakukaa mkekani. Alikaa pale pale sakafuni, akamvuta mtoto mapajani, na mafuta ya kwanza yakamwagika kwenye gauni.

"Watakuja wenyewe kupima?" aliuliza, macho yako kwa mtoto.

"Watakuja."

"Watamkuta amepona."

"Watamkuta amepona, bibi. Na mitungi itakuwa imeshafika."

"Na wewe?"

Tekla akatoa kalamu. Alifungua fomu juu ya goti lake. Jina la mtoto. Tarehe. Siku bila kupakwa, ishirini na nne. Alipofika kwenye mstari wa namba akaandika mbili, na kalamu ikasimama hapo. Mashine ilikuwa bado inawaka kando yake, moja na tisa, moja na tisa. Pude alikuwa amenyamaza. Tekla akaigeuza mashine kifudifudi, akaandika tano.